Maji ya Kunywa ya Mtoto Anayekwenda Kupanda Mlima

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

MSOMAJI: Kama una mtoto shuleni, huenda siku moja amekuletea barua ya mwalimu. Watoto wanakwenda kupanda mlima, au skauti wanakwenda kupiga kambi, na mzazi anaombwa atie sahihi, atoe nauli na amfungie mtoto chakula. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo barua hiyo mara nyingi hulitaja kwa mstari mmoja tu, nalo ni maji ya kunywa. Kwanza, sikilizeni majirani hawa wawili.

(Sauti ya kuku. Vyombo vinaoshwa.)

JIRANI: Hodi hapa!

MAMA: Karibu, mama. Vuta kiti.

JIRANI: Nimesikia kijana hakwenda shule leo.

MAMA: Hakwenda. Tangu juzi anaharisha, tumbo linamkata, na sasa hata uji anaukataa. Na nilimfungia maji yaliyochemshwa! Nilichemsha kwa mikono yangu mwenyewe.

JIRANI: Ulimfungia kiasi gani?

MAMA: Chupa moja ya soda, ile ndogo ya nusu lita.

JIRANI: Ya kupanda mlima kutwa nzima?

MAMA: Anasema yalikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa kushuka wakakuta kijito. Maji meupe, baridi, yanapita juu ya mawe. Wakainama wakanywa wote.

JIRANI: Maji meupe si lazima yawe maji safi. Haya, mvalishe sweta twende kituo cha afya. Mengine tutaongea njiani.

(Muziki mfupi.)

MSOMAJI: Mama huyu si mzembe. Alichemsha maji kama tunavyofundishwa. Lakini maji salama ya nyumbani humlinda mtoto mpaka pale yanapokwisha. Baada ya hapo mtoto yuko peke yake na kiu yake. Kwa hiyo, kabla hajatoka, hakikisha mambo matatu: maji yanatosha, chombo ni safi, na mtoto mwenyewe anajua la kufanya yakiisha. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Jambo la kwanza ni kiasi. Mtu anayepanda mlima hutoka jasho jingi, na hupoteza maji hata kwa kuhema. Kwa kijana mkubwa, makadirio ya kawaida ni nusu lita kwa kila saa moja ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Tuchukue mfano wa Mlima Longonot, karibu na Naivasha, ambao shule nyingi huupenda. Ukipanda hadi ukingoni, ukazunguka shimo lote la volkano na kurudi langoni, umetembea karibu kilomita 13. Ni kazi ya muda wa saa nne hadi sita, tena ukiondoka langoni hakuna mto wala bomba njiani. Kijana atahitaji lita mbili hadi tatu. Mtoto wa miaka kumi asitoke na chini ya lita mbili.

Sasa kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Wataalamu hushauri kwamba begi la mtoto lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au kwa wingi kidogo zaidi ya hapo. Mtoto wa kilo 30 basi abebe kilo tatu, au zikizidi sana nne. Ukimpa lita mbili, chakula na sweta, mzigo wake umetimia. Kwa safari ya siku moja inawezekana. Kwa kambi ya siku mbili au tatu, hakuna mtoto awezaye kubeba maji yote kutoka nyumbani. Lazima wateke huko huko na kuyatibu. Ndiyo maana kumfungia chupa peke yake hakutoshi.

Mweleze pia asisubiri kiu ndipo anywe. Anywe mafunda machache kila wanapopumzika. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, midomo ikikauka na kichwa kikianza kuuma, mwili unadai maji.

Jambo la pili ni chombo. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachofunga barabara. Mdomo mwembamba una faida moja kubwa: mkono hauwezi kuingia wala kikombe hakiwezi kuchovywa. Maji mengi huchafuka baada ya kutibiwa, kwa mikono yetu na vikombe vyetu. Ioshe chupa kwa sabuni na maji ya moto kiasi, uitikise na punje za mahindi makavu zilizooshwa ili zikwangue utelezi wa ndani, uisuuze kwa maji yaliyotibiwa, kisha uiinamishe ikauke. Usisahau kifuniko. Chupa au mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea au dawa ya ng'ombe usitumike kwa maji ya kunywa kamwe, hata ukioshwa mara kumi.

Kwa mtoto anayekwenda kambini, mpe chupa mbili. Ya kwanza ni ya kunywa tu. Ya pili ni ya kutekea maji ya mto na kuyatibu. Ifunge hiyo ya pili uzi mwekundu shingoni, umwambie: "Yenye uzi mwekundu huinywi mpaka umeitibu." Hata usiku gizani atautambua uzi huo kwa vidole.

(Muziki mfupi.)

MSOMAJI: Sasa jambo la tatu: maji ya huko mlimani. Watu wengi huamini kwamba maji ya mlima ni safi kwa sababu ni meupe na ya baridi. Ni kweli ni matamu. Lakini huko juu wako nyati, ndovu, nyani na pimbi, na wote hujisaidia popote. Tena wako wapandaji wengine waliolala hapo wiki iliyopita, na si wote waliotumia choo. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na jiadia havionekani kwa macho. Maji yanaweza kumetameta kama kioo na yakawa yamevibeba.

Kutibu maji ni kazi ya hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuyachuja, na ya pili ni kuua vijidudu.

Kuchuja ni rahisi. Yaache maji yatulie kwanza matope yazame. Kisha yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba, kwa mfano kipande cha leso, kilichokunjwa mara kadhaa hadi kiwe na tabaka nne au zaidi. Leso kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuvimba kwa kufuliwa, na matundu yake yamekuwa madogo. Hii si imani ya nyanya tu. Nchini Bangladesh watafiti walifundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua karibu kwa nusu. Sababu ni kwamba vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo hunaswa na kitambaa. Hata hivyo, nusu si yote. Vijidudu vinavyoelea peke yake, kama vile vya homa ya matumbo, hupita kwenye leso bila shida. Kwa hiyo leso ni hatua ya kwanza, haiwi ya mwisho. Upande uliochujia uwe ule ule kila mara, na kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani baada ya kazi.

Hatua ya pili, kuua vijidudu, ina njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni kuchemsha. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, yaache yaendelee kwa dakika moja. Ukiwa mahali palipo juu ya meta 2,000, yaache dakika tatu, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyotokota kabla ya kufikia moto ule wa nyanda za chini. Na hapa hatuzungumzii kilele cha Mlima Kenya peke yake. Limuru, Kinangop na Nyahururu ziko juu ya meta 2,000, kwa hiyo mama wa huko ahesabu dakika tatu hata jikoni kwake. Kwenye kambi za Mlima Kenya zilizo kama meta 4,200, maji hutokota kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Bado yanaua vijidudu, mradi dakika zitimie. Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika zaidi, lakini inahitaji sufuria na moto, na mtoto aliye katikati ya njia hana vyote viwili.

Njia ya pili ni dawa ya klorini, na hii ndiyo inayofaa shanta, yaani begi la mgongoni. Lakini hapa kuna kosa ambalo hufanyika mara nyingi. Dawa ya maji tunayonunua dukani, iwe ya kimiminiko au ya vidonge, mara nyingi imepimwa kwa mtungi wa lita 20. Mtoto akitia kidonge cha lita 20 katika chupa ya lita moja, ametia dawa mara ishirini zaidi ya inayotakiwa. Wapo vidonge vilivyopimwa kwa lita moja. Uliza duka la dawa, soma pakiti kabla ya kulipa, na umwandikie mtoto kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kidonge: "Kimoja, lita moja." Baada ya kutia kidonge, afunge chupa na kuitikisa. Kisha alegeze kifuniko kidogo na kuinamisha chupa ili maji yenye dawa yapite kwenye nyuzi za mdomo, kwa maana maji ya mto yaliyobaki hapo ndipo midomo yake itakapogusa. Halafu asubiri nusu saa kamili bila kunywa. Maji yakiwa baridi sana, kama ya mlimani, asubiri saa nzima.

Kuna mambo mawili zaidi juu ya klorini. Kwanza, hupungua nguvu katika maji ya tope, ndiyo maana tunachuja kabla. Pili, watoto hawapendi harufu yake na hutia unga wa juisi. Si vibaya, lakini atie baada ya ule muda wa kusubiri kwisha. Vitamini C iliyomo katika unga huo huimaliza dawa kabla haijafanya kazi. Tena fahamu kwamba viko vijidudu vyenye ganda gumu, kama kriptosporidi, ambavyo klorini haiviui kwa urahisi. Kwa hiyo wakifika kambini palipo na moto, wachemshe.

Njia ya tatu ni vichujio vya kubeba, vile vya mrija au vya kufunga kwenye chupa. Wasikilizaji wa Magharibi mwa Kenya watakumbuka kwamba mwaka 2011 vichujio vya LifeStraw vya kutundika ukutani viligawiwa nyumba nyingi sana za huko. Vile vya safarini hutumia nyuzi nyembamba zenye matundu madogo yanayozuia bakteria, amiba na jiadia. Ni vizuri sana, lakini vingi vyao havizuii virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, kama vile vya kuhara kwa rota na vya ugonjwa wa ini wa hepatitisi A. Palipo na watu wengi, chuja kisha utie na dawa. Tena kichujio kikishalowa kisiachwe kwenye baridi ya kuganda. Huko juu ya Mlima Kenya maji huganda usiku, na barafu hupasua nyuzi zile kwa ndani bila wewe kuona chochote. Mtoto alale nacho ndani ya blanketi lake.

Njia ya nne ni jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita mbili au chini ya hapo, ijazwe maji yasiyo na tope na ilazwe juani kwa muda wa saa sita. Siku ya mawingu, iachwe siku mbili. Njia hii ilijaribiwa hapa kwetu kwa watoto wa Kimaasai walioweka chupa zao juu ya paa, na utafiti wao ulipochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba walipata kuhara kwa nadra kuliko wenzao ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba. Inafaa mahali mnapokaa siku nzima. Anayetembea haiwezi kumsaidia.

(Muziki mfupi.)

MSOMAJI: Mama, haya yote yana faida gani kama unayajua wewe na mtoto hayajui? Ndiyo sababu tunakuomba ufanye zoezi nyumbani, Jumamosi moja kabla ya safari. Mpe chupa mbili, kipande cha leso na kidonge kimoja. Mwambie ateke maji ya mtoni au ya tangi, achuje, atie dawa, atikise, alegeze kifuniko, atazame saa. Wewe kaa pembeni ukimenya viazi, usimsaidie. Akikosea, afanye tena. Mtoto aliyefanya kwa mikono yake mara mbili atafanya na ya tatu akiwa mlimani, hata wenzake wakimcheka.

Umfundishe pia kunawa kwa sabuni kabla ya kushika chupa ya kunywa na baada ya kutoka haja, na akienda haja awe mbali na mto, hatua 70 au zaidi. Na asione haya kusema, "Maji yangu yamekwisha." Mwalimu hawezi kumsaidia mtoto ambaye hajui shida yake. Nawe uliza swali lako kabla ya kutia sahihi: "Mwalimu, maji ya siku ya pili yatatoka wapi, na nani atayatibu?" Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa.

Na wewe mama unayesafiri na mtoto mchanga mgongoni, usimbebee maji. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata kwenye jua. Kunywa wewe maji ya kutosha, umnyonyeshe mara kwa mara.

Mtoto akirudi, usiishie kumuuliza kama alifurahi. Muulize alikunywa maji gani. Kipindupindu huweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku tano, lakini jiadia huchukua wiki moja au mbili, na homa ya matumbo huweza kuchukua hata wiki tatu. Wakati huo safari imeshasahaulika. Akianza homa isiyoisha au kuhara, mwambie daktari: "Mtoto huyu alikuwa mlimani tarehe fulani, na alikunywa maji ya mto."

Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, aanze hapo hapo nyumbani. Soma pakiti kama ni ya nusu lita au ya lita moja, na utumie maji yaliyotibiwa. Aendelee kula. Mtoto wa chini ya miaka mitano apewe na vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona damu katika kinyesi, kuhara majimaji kama maji ya mchele, kutapika kila anachokunywa, macho kudidimia, au akilegea na kusinzia isivyo kawaida.

Mtoto wa yule mama tuliyemsikia alifikishwa mapema, akapewa ORS na matibabu, na sasa anacheza. Safari ijayo ataondoka na chupa mbili, moja ikiwa na uzi mwekundu.

Tukumbuke:

Maji ya safari yapimwe kwa saa za kutembea, yasipimwe kwa ukubwa wa chupa iliyopatikana.

Chupa iwe na mdomo mwembamba, ioshwe na ikaushwe pamoja na kifuniko chake.

Chuja kwanza, kisha ua vijidudu. Leso peke yake haitoshi.

Kidonge cha lita 20 si cha chupa ya lita moja. Soma pakiti.

Subiri nusu saa, na katika baridi kali saa nzima. Juisi baadaye.

Mtoto afanye mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda.

Mwambie na jirani yako.

(Muziki wa kufungia kipindi.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mama katika mazungumzo alichemsha maji. Mtoto aliugua kwa sababu gani?

2. Mahali tunapokaa ni juu au chini ya meta 2,000? Maji yetu yatokote dakika ngapi?

3. Leteni pakiti za dawa ya maji mlizo nazo nyumbani. Someni pamoja: kila moja ni ya lita ngapi?

4. Katika shule yetu, nani hushughulikia maji watoto wanapokwenda safari? Tufanye nini ili kumsaidia?